Vifaranga Hawa ni wa Nani? Kuwatambua Watoto wa Samaki Usiowatarajia Tangini

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile. Mmoja wa Ngoingwa, Thika, ana moli majike watupu, hajanunua dume maishani mwake, na asubuhi anakuta vitu vidogo vyenye macho vimejibanza nyuma ya filta. Mwingine wa Membley, Ruiru, anafuga gapi na plati pamoja na hajui ni nani aliyezaa. Wa tatu yuko Juja: alitia majani mapya tangini, na wiki chache baadaye akatokea kifaranga mmoja asiyefanana na mkaazi yeyote. Wote wanataka kujua mambo mawili: hawa ni watoto wa nani, na niwafanyeje?

Jibu la mkato ni hili: usianze na rangi. Rangi ya kifaranga mchanga hudanganya, na wengi hupotelea hapo. Anza na orodha ya wanaoishi tangini, kisha ukubwa wa kifaranga, umbo la mapezi na mkia, mahali anapopenda kukaa, na mwisho kabisa umri. Kila hatua humwondoa mshukiwa mmoja. Mara nyingi utapata jibu siku hiyo hiyo. Pengine utasubiri mwezi. Kusubiri hakudhuru, mradi vifaranga wako salama. Kwa hiyo tuanze na usalama wao.

## Dakika kumi za kwanza

Kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, fanya haya:

1. Zima filta, kisha uzibe mdomo wake. Filta yenye nguvu humeza kifaranga bila wewe kujua. Valisha mdomo unaovuta maji kipande cha sponji, au kipande cha soksi nyembamba ya nailoni kilichofungwa kwa mpira, ndipo uiwashe tena. Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa haina hatari hiyo.
2. Teka, usinase. Wavu mkubwa huwajeruhi. Tumia kikombe angavu: kizamishe taratibu karibu na kifaranga, maji yaingie naye. Chujio la chai linafaa pia, ila liwe la kazi hiyo pekee na lisiwe limewahi kuoshwa kwa sabuni.
3. Wahamishe ndani ya maji yale yale. Ndoo safi, jerikeni ya lita 20 iliyokatwa juu, au kisanduku cha plastiki kinachoning'inia ndani ya tangi vyote vinafaa. Kijaze maji ya tangi, wala si ya bomba.
4. Wawekee maficho. Fungu la majani ya majini au mosi ya Java (Java moss) linatosha. Kifaranga aliye wazi hukaa na hofu, hali vizuri.
5. Hesabu na uandike. Wangapi, tarehe gani, uliwakuta wapi: juu ya maji, chini kwenye kokoto, au wamenata kwenye kioo? Utayahitaji haya baadaye.

"Na kama sitaki kuwalea?" Si lazima. Ukiwaacha tangini, samaki wakubwa watawala wengi wao, pengine hata mama mwenyewe, na wachache watakaopata maficho ndio watakaokua. Hivyo ndivyo idadi inavyojidhibiti kwa kawaida, na hakuna ubaya kuiacha ifuate mkondo wake. Ukiamua kuwaokoa wote, jua kwamba unawajibika kuwatafutia pa kukaa wakishakua.

## "Lakini sina dume!"

Hili ndilo pingamizi tunalolisikia kuliko yote. Lina majibu matatu, na moja kati yake huwa ndilo.

- Jike alinunuliwa akiwa na mimba. Madukani madume na majike huwekwa pamoja, kwa hiyo jike aliyekomaa kwa kawaida huondoka akiwa ameshapandwa.
- Jike amehifadhi mbegu. Gapi, moli, plati na mkia-upanga hupandwa mara moja na kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa. Gapi jike anaweza kuendelea kuzaa kwa muda wa hata miezi minane bila kuona dume mwingine. Hivyo usishangae akizaa leo, akazaa tena baada ya mwezi, na tena mwezi unaofuata.
- Dume unaye, hujamtambua. Tazama pezi la chini, lililo nyuma kidogo ya tundu la haja. Kwa jike ni pana, la pembetatu. Kwa dume ni jembamba, limechongoka na hulala nyuma sambamba na tumbo. Mkia-upanga ndio wanaovuruga watu zaidi: madume wengine huchelewa kukomaa, wakaonekana majike kwa miezi, halafu ghafla upanga ukaota mkiani. Hapo watu husema jike amegeuka dume, kumbe alikuwa dume tangu mwanzo.

Kupata mama, tafuta aliyepungua tumbo. Jike wa jana aliyekuwa na tumbo la mraba, lililojaa hadi karibu na pezi la chini, na leo amebonyea, ndiye wa kwanza kumshuku. Kumbuka pia muda wa mimba: gapi huzaa kila baada ya siku 21 hadi 30 hivi, plati na mkia-upanga karibu wiki nne, na moli huweza kuchukua wiki nne hadi nane. Maji yakiwa baridi, muda huo hurefuka.

## Amezaliwa au ameanguliwa?

Hapa ndipo unapokata shauri kubwa la kwanza. Samaki tunaowazungumzia hawatagi mayai. Huzaa watoto waliokamilika. Wengine wengi wa tangini hutaga. Tofauti inaonekana kwa macho.

Kifaranga wa samaki anayezaa:
- ana milimita 6 au zaidi siku ya kwanza;
- macho, mkia na mapezi yote yameshaumbika;
- anaogelea mwenyewe saa ile ile na kukimbilia maficho;
- anakula siku ile ile.

Kifaranga aliyetoka kwenye yai:
- ana milimita 3 au 4, mwembamba kama kope, na mwili wake unapitisha mwanga;
- ana kifuko cha kiini tumboni;
- siku za mwanzo amenata kwenye kioo au jani, au analala chini, akirukaruka kidogo tu;
- huanza kuogelea vizuri kifuko kikishakwisha.

Ukiona wa aina ya pili, waache kina gapi na uwaulize wakaazi wengine: danio, kambare wadogo wa tangini wanaoitwa koridora, au samaki wa dhahabu.

Kuna wawili wanaovunja kanuni hii, na wote wanafugwa huku kwetu. Wa kwanza ni samaki wanaoatamia mdomoni, kama wale wenye rangi kali kutoka Ziwa Malawi. Mama hubeba mayai na vifaranga kinywani karibu wiki tatu, kidevu kimevimba, hali kitu. Akiwatema, wana milimita 8 hadi 10 na wanaogelea kama waliozaliwa. Wa pili ni kambare mlamba kioo. Vifaranga wake hujificha pangoni au ndani ya kigogo wakimaliza kiini chao cha manjano, na unapowaona mara ya kwanza wameshikilia kioo kwa midomo. Kifaranga anayenata kwa mdomo si wa gapi wala wa moli.

## Nani kati ya wanne?

Ukishathibitisha kwamba wamezaliwa, linganisha na orodha hii. Tumia rula. Macho matupu hukosea ukubwa, hasa kupitia kioo na maji.

Gapi
- Milimita 6 hadi 7 siku ya kwanza. Mwembamba, kijivu hafifu, macho makubwa kuliko mwili unavyostahili.
- Hupenda kukaa juu ya maji, kwenye pembe za tangi au chini ya majani yanayoelea.
- Majike huonyesha doa jeusi upande wa nyuma wa tumbo wakiwa bado wadogo, ndani ya wiki chache.
- Madume huanza kupata rangi karibu wiki ya nne au ya tano.
- Uzao wa kawaida ni 20 hadi 50. Mama mkubwa huweza kupita hapo.

Moli
- Ndiye mkubwa wa wote: karibu sentimita moja, kifua kimejaa.
- Uzao wa moli mweusi huweza kuchanganyika, wengine weusi tititi na wengine kijivu chenye madoa. Hilo halimaanishi kuna mama wawili.
- Huanza mapema kuchokonoa mwani kwenye kioo na majani.

Plati
- Milimita 7 hadi 8. Mfupi, mnene kifuani, pua butu.
- Rangi ya chungwa, njano au nyekundu huanza kuonekana mapema kuliko kwa gapi.
- Wengine wana alama nyeusi kwenye shina la mkia: doa moja kubwa na madogo mawili pembeni. Ukiiona alama hiyo, umempata plati.

Mkia-upanga
- Hulingana na plati kwa urefu au humpita kidogo, lakini ni mrefu zaidi kwa umbo, na pua yake imechongoka.
- Mara nyingi ana mstari ubavuni, kuanzia jichoni hadi mkiani.
- Usisubiri upanga ndipo uamue: huota baada ya miezi, na kwa madume peke yao.

Kama una gapi na moli pekee, ukubwa utakupa jibu siku ya kwanza. Gapi na plati, tazama unene wa kifua na pua. Plati na mkia-upanga ndio wagumu, na kuna sababu.

## Machotara: nani huchanganyika na nani

- Plati na mkia-upanga huzaana kwa urahisi, na watoto wao huzaa pia. Wengi wanaouzwa madukani wana damu ya pande zote mbili. Kifaranga akikosa kuangukia upande mmoja, pengine hana upande.
- Gapi na endla (Endler, samaki wa jamii ya gapi) huzaana vivyo hivyo. Ukitaka kuhifadhi ukoo safi wa endla, usiwaweke tangi moja hata kwa usiku mmoja.
- Gapi na moli ni mara chache sana, na watoto wao kwa kawaida hawazai.
- Moli na plati, gapi na plati: usitarajie chochote.

Mtu akikuambia plati wake alizaa gapi, kuna gapi jike mahali fulani katika historia ya tangi lile. Pengine alikufa mwezi uliopita, na kifaranga wake mmoja akabaki amejificha ndani ya majani.

## Mgeni aliyekuja na majani au maji

Kama kifaranga ni mmoja au wawili tu, na walitokea baada ya kutia majani mapya au chakula hai kutoka bwawani, fikiria wageni. Kiambu na kaunti za jirani zina mabwawa mengi ya tilapia na kambare, hasa tangu serikali ilipoanza kugharimia uchimbaji wake mwaka wa 2009. Kikopo kimoja cha maji ya bwawa hubeba mengi.

Dalili mbili hutenganisha haraka: pezi la mgongoni na mkia. Kwa gapi, moli, plati na mkia-upanga, pezi la mgongoni halina miiba, na mkia wa kifaranga umeviringika au umenyooka mwishoni bila kugawanyika.

- Tilapia: pezi la mgongoni ni refu, lina miiba, na kifaranga ana doa jeusi sehemu ya nyuma ya pezi hilo, pamoja na mistari ya wima ubavuni. Atakua mkubwa na atawala wenzake. Mtoe.
- Kambare wa bwawani: ana sharubu nane na kichwa kipana. Naye ni mlaji. Mtoe mapema.
- Samaki wadogo wa mtoni: wa rangi ya fedha, mkia umegawanyika katikati, na wengi wana visharubu vifupi mdomoni.
- Samaki wa mbu: huyu anazaa pia, na hufanana sana na gapi jike wa kijivu. Kwa jina la kitaalamu ni *Gambusia*. Aliletwa Afrika Mashariki ili ale viluwiluwi vya mbu. Mjue kwa tabia yake: huwakata wenzake mapezi.
- Kiluwiluwi cha chura: kichwa na mwili ni duara moja, hakuna pezi la ubavuni linalopepea. Mrudishe alikotoka.
- Buu la kereng'ende: huyu si samaki. Ana miguu sita na hula vifaranga mmoja mmoja usiku. Vifaranga wakipungua na hakuna maiti, chambua majani yako.

Ndiyo maana majani yoyote kutoka nje yakae peke yake kwenye ndoo kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuingia tangini, na kila siku uyachungulie.

## Piga picha inayosema kitu

Picha tunazoonyeshwa mara nyingi ni doa la ukungu nyuma ya kioo kichafu. Hakuna anayeweza kutambua chochote hapo. Fanya hivi:

1. Weka kifaranga kwenye glasi nyembamba angavu au mfuko safi wa plastiki, na maji kidogo ya tangi.
2. Simamisha karatasi nyeupe nyuma na rula pembeni.
3. Tumia mwanga wa dirisha. Mmweko wa simu humulika plastiki badala ya samaki.
4. Piga picha ya ubavu, si ya juu. Pezi la mgongoni, pezi la chini na mkia vyote vionekane.
5. Chukua video fupi pia, ili uogeleaji wake uonekane.
6. Mrudishe ndani ya dakika tano.

Rudia kila wiki. Picha nne za wiki nne zitakuambia zaidi ya mtaalamu aliyeona picha moja.

## Maji na baridi ya Thika na Ruiru

Vifaranga wengi wanaokufa hawafi kwa sababu walitambuliwa vibaya. Huuawa na maji.

Maji ya bomba yana klorini. Yakiachwa wazi ndooni kwa saa 24, hasa yakipigwa hewa, klorini hutoka. Hata hivyo dawa ya kuondoa klorini ni salama zaidi, kwani klorini iliyofungamana na amonia haitoki kwa kungoja. Baada ya mgao, maji yakirudi na harufu kali, usiyatumie siku hiyo.

Maji ya mito inayoshuka Aberdare kwa kawaida ni laini, na samaki wetu hawa hupenda maji magumu yenye madini. Moli ndiye wa kwanza kulalamika: husimama mahali pamoja akiyumbayumba. Tia vipande vya matumbawe au mawe ya chokaa ndani ya filta, maji yagumuke polepole. Maji ya kisima mara nyingi huwa magumu tayari na huwafaa, lakini yapime kwa kijitepe cha kupimia kabla ya kuyaamini, na uyaingize kidogo kidogo.

Baridi ni adui wa Juni hadi Agosti. Miji hii iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji ya tangi lisilo na hita hushuka sana usiku. Vifaranga wanataka nyuzi 24 hadi 27. Kadiria wati moja ya hita kwa kila lita, na uwe na kipimajoto; usipime kwa kidole.

Stima ikipotea:
- funika tangi kwa blanketi, juu na pembeni, ukiacha nafasi ndogo ya hewa;
- elesha chupa ya maji ya moto, iliyofungwa barabara, ndani ya tangi, na uibadilishe ikipoa;
- usilishe hadi stima irudi, kwa sababu filta imesimama na uchafu unabaki;
- kama hupotea mara kwa mara mtaani kwenu, nunua pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua samaki mwingine.

## Chakula, bila kuharibu maji

Samaki waliozaliwa huhitaji kula mara tatu hadi tano kwa siku, kidogo kila mara.

- Chakula cha vipande kilichosagwa kwa vidole hadi kiwe unga. Hiki kinatosha peke yake.
- Kiini cha yai lililochemshwa: chukua chembe ndogo tu, ichanganye na maji kikombeni, tia matone machache. Ndicho kinachooza upesi kuliko vyote. Kisirudiwe kila siku.
- Mchicha uliochemshwa hadi kulainika, hasa kwa moli.
- Vifaranga vya kamba-chumvi ukivipata: hapo ukuaji hushika kasi.

"Omena ya kusaga je?" Inaliwa, lakini unga wake huchafua maji haraka, tumia kidogo mno, na usiguse dagaa waliotiwa chumvi. Baada ya dakika tano, kilichobaki kinyonye kwa mrija. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili au tatu, kwa maji yaliyotulia yenye joto lile lile.

## Makosa yanayorudiwa

- Kumfungia mama kwenye kisanduku kwa siku nyingi. Hufadhaika, na huweza kuharibu mimba. Majani mengi yanamfaa zaidi.
- Kuwarudisha vifaranga mapema. Kipimo ni mdomo wa mkaazi mkubwa zaidi: kama kifaranga bado anaingia humo, hajawa tayari.
- Kudhani wote ni wa mama mmoja. Majike wawili huweza kuzaa wiki moja. Ukubwa ukitofautiana siku ya kwanza, shuku mama wawili.
- Kuita doa lolote jeusi "mimba". Kwa kifaranga wa wiki tatu, doa hilo humwonyesha jike. Mimba bado.
- Kutia dawa "kwa tahadhari". Kifaranga mwenye afya hahitaji dawa, na dawa zenye shaba ni sumu kwake.
- Kuuza kwa jina ambalo hujalithibitisha. Sema "mchanganyiko wa plati na mkia-upanga" kama ndivyo ulivyo. Mnunuzi atarudi kwako.

## Kalenda ya kufuata

- Siku ya 1: hesabu, pima kwa rula, piga picha, andika wakaazi wote wa tangi, pamoja na waliokufa ndani ya miezi minane iliyopita.
- Wiki ya 1: amua kama wamezaliwa au wameanguliwa. Ondoa wageni wenye miiba mgongoni, sharubu au mkia uliogawanyika.
- Wiki ya 2 hadi 3: linganisha unene, pua, alama ya shina la mkia, doa la jike.
- Wiki ya 4: chunguza pezi la chini. Linaloanza kuchongoka ni la dume. Watenganishe gapi sasa, kwa kuwa huweza kupandana kabla hujawaona wakubwa. Plati, mkia-upanga na moli watakupa muda zaidi, lakini endelea kuchungulia kila wiki.
- Mwezi wa 3 na kuendelea: rangi kamili, upanga kwa wenye upanga, na jibu la wale waliokutatiza.

## Wakizidi: kila mahali isipokuwa mtoni

Hapa hatutanii. Mto Chania huungana na mto Thika pale mjini, na maji yake huishia Tana. Mto Ruiru huenda Athi. Kinachomwagwa kwenye mtaro nyuma ya nyumba huweza kufika huko. Samaki wa kigeni hawasahauliki wakishaingia majini: sangara walitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za samaki wadogo wa ziwa lile zikatoweka. Kamba wa Louisiana alipandwa Naivasha mwaka wa 1970, na bado yupo. Gapi anaonekana mdogo asiye na madhara, ila jike mmoja mwenye mbegu mwilini anatosha kuanzisha ukoo. Usiwamwage chooni ukidhani ni salama, wala usimpe mtoto akawaachilie Fourteen Falls kwa huruma.

Fanya hivi badala yake:
- waulize wenye maduka ya samaki wa mapambo kama watapokea, hata kwa kubadilishana na chakula;
- wagawie wafugaji wengine, ukiwaambia wazi ni majike au madume;
- weka tangi la madume peke yao: wana rangi na hawaongezeki;
- au acha uzao unaofuata tangini na wazazi, idadi ijirekebishe.

## Ukibaki na shaka

Pengine umefuata yote na bado humjui. Nenda dukani uliponunua mama, ukiwa na mambo matatu: picha ya ubavu yenye rula, tarehe ya kuzaliwa, na orodha ya wakaazi wote tangu ulipoanzisha tangi. Muulize muuzaji maswali matatu pia: jike huyu alikaa tangi moja na nani hapo dukani, majani haya yalitoka bwawa gani, na wengine walionunua siku hiyo wamepata vifaranga wa aina gani? Muuzaji anayejua kazi yake atakujibu papo hapo. Asiyejua atakutajia jina la haraka kwa kutazama rangi. Mshukuru, na usubiri wiki ya nne.